Wakikuuliza Wewe ni wa Nani

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii umeipokea kwa mikono miwili, ukaigeuzageuza kwanza kutafuta kama ina habari ya msiba. Kaa chini upumue, kwetu hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachonibana kwa baridi ya huku. Ule upepo wa Newala tunaoulalamikia mwezi wa sita ni utoto mtupu, mama. Huku Ufipa upepo unaingia hadi kwenye mifupa na kukaa humo.

Wewe je? Goti lile linakwendaje? Mafuta niliyokutumia unajipaka, au umeshayagawa kwa mashoga zako kama ulivyogawa ile shuka? Mikorosho imeanza kutoa maua? Zuhura anakupikia, au anashinda kwenye simu moto ukazimika?

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati kila Ijumaa tunaongea. Mama, wewe simu unaiweka spika. Nikikohoa huku Sumbawanga, jirani yako anaitikia "pole" kule Newala. Ninayotaka kukuambia leo si ya spika. Barua nimempa mkononi mwalimu mmoja wa kwetu Masasi anayekwenda likizo, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine ila wewe. Zuhura akusomee mlango ukiwa umefungwa. Zuhura mdogo wangu, soma polepole, na pale utakapoona aibu kusoma, soma hivyo hivyo.

Nilipopangiwa kazi ya utendaji wa kata huku, ulilia. Ulisema mwanao anapelekwa kwa wachawi. Huu mwaka wa tatu, mama, na sijarogwa. Watu wa huku wanalima mahindi na ulezi, wanafuga ng'ombe, wanakwenda misa, wakikukuta njiani wanakusalimia mpaka unachelewa uendako. Kama kuna aliyeroga mtu katika kata yangu, ni mimi, tena niliroga kwa kalamu.

Nilikueleza kwenye simu habari za Bibi Paskazia, sikumaliza. Ni yule mjane aliyekuwa jirani yangu, aliyenipa blanketi wiki ya kwanza nilipofika na koti langu la Newala linalopitisha upepo. Aliniona natetemeka mlangoni kwangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mtendaji gani huyu, wamemtuma bila nguo?" Tangu siku ile nikawa mjukuu wake. Aliniletea ugali wa ulezi na maharage, akanisema kwa wembamba wangu, akanifundisha kusalimia kama wanavyosalimia wao. Unachuchumaa, unakutanisha viganja, unapiga makofi madogo yasiyo na kelele. Mwanzoni nilipiga kama niko kwenye ngoma, watu wakaangua kicheko. Nilipojua, wazee wakaanza kunichuchumalia na mimi, na hapo ndipo nikajua nimepokelewa.

Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani kwake, akaniambia kwamba yeye kwao si hapa. Kwao ni upande wa pili wa mpaka, siku moja na nusu kwa miguu. Aliletwa akiwa msichana na mumewe, mtu wa kijiji hiki, wakafunga ndoa kanisani Kaengesa. Alizaa watoto wawili wakafa wadogo. Mume alipokufa alimzika nyuma ya nyumba, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni. Alinionyesha kwa kidole, kama mtu anavyokuonyesha kitanda chake. Alisema lugha ya kwao na ya hapa zinasikilizana, kwa hiyo hakuwahi kujiona amehama nchi. Amehama nyumba tu. Nilimsikiliza nikakukumbuka wewe, mama, na utaona mbele kwa nini.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, majambazi walivamia duka mnadani wakamuua mwenye duka kwa bunduki. Marehemu nilimfahamu, alikuwa akinikopesha sabuni. Ikasemwa bunduki zimevuka mpaka. Haikupita muda ikaja barua yenye mhuri: kamati ya ulinzi na usalama ya kila kata ikae, iwabaini wote wasio raia, iwaandike kwenye fomu. Sikuipinga, mama. Mtu amekufa, watoto wake nawaona wakipita kwenda shule, lazima kuwe na la kufanya.

Lakini utawabaini vipi? Wazee wa huku hawana vyeti vya kuzaliwa, kama wewe tu. Hatuna mashine. Chuoni tulifundishwa usalama wa nchi kwa maneno makubwa, mipaka, majeshi, sera. Huku chini nimeuona ulivyo. Usalama wa nchi yetu ni jirani. Ni balozi wa nyumba kumi anayejua nani ana mgeni, nani amenunua baiskeli, nani hakuonekana msibani. Ni lile swali ambalo bibi yeyote anamuuliza mtoto aliyepita uani kwake: wewe ni wa nani? Mtoto akitaja baba na babu, anapewa kiazi. Serikali imelichukua swali hilo hilo ikaliwekea safu kwenye fomu, na asiye na jibu hapewi kiazi, anapandishwa gari.

Tulikaa kikao darasani, siku ya Jumamosi. Majina ya kwanza kutajwa yakawa ya Wasukuma wafugaji wanaokaa bondeni, kwa sababu ng'ombe wao waliingia kwenye shamba la mjumbe mmoja. Nikakataa. Nikasema hawa ni Watanzania, ugomvi wa shamba upelekwe kwenye ugomvi wa shamba. Nilijisikia mtu wa haki, mama! Nikavimba kichwa. Nikiwa nimevimba hivyo, nikauliza kama kuna mwingine.

Watu kumi na mmoja wote wanaangalia sakafu. Mimi mjuaji nikasema, "Yupo Bibi Paskazia."

Mzee Kizito, balozi wa upande wetu, mtu mpole anayesimamia pia kwaya, akainua kichwa. "Mtendaji, huyo hatumwandiki."

"Kwani si mzaliwa wa ng'ambo?"

"Ni mzaliwa wa ng'ambo. Kila mtu anajua. Ndiyo maana hatumwandiki."

Nikaona wananificha. Hapana, nisikudanganye, sikuona hivyo. Niliona hawajui sheria na mimi naijua. Nilikuwa na hadithi yako kichwani, mama. Ile ya babu Nandonde kukuvusha Ruvuma mabegani wakati wa vita vya kule, akakuweka wewe na bibi upande wa Newala, akarudi vitani asionekane tena. Na jinsi balozi mzee Chilumba alivyowashika mkono asubuhi yake akawapeleka kwa viongozi, akasema, "Hawa ni wageni wangu, na huyu mtoto ni binti yangu." Wakati ule nchi nzima ilikuwa inasema mkimbizi ni ndugu, na neno la balozi likatosha. Ukaandikwa binti Chilumba mpaka leo. Umenilea ukiniambia mgeni akitambulishwa na mwenyeji hadhuriki, anayedhurika ni yule anayefichwa. Mimi nikaamini hivyo ndivyo nchi hii ilivyo, siku zote.

Basi nikamtambulisha. Niliandika jina lake, likawa la kwanza kabisa kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri. Kwenye safu ya maoni ya mtendaji nikaandika kwamba amezaliwa nje ya nchi, ameolewa hapa, ni mama mwema, anafahamika na wote, mumewe amezikwa hapa, naomba asaidiwe kupata karatasi zake. Nikapiga mhuri. Mzee Kizito alitia saini mwisho kabisa, na alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu kabla hajaandika.

Jioni yake nilimwambia bibi mwenyewe. Nilimwambia nimelipeleka jina lake kwa wakubwa, atapata kitambulisho. Akanipigia makofi yale madogo, akanishukuru.

Difenda ilikuja Jumatano asubuhi. Walikuwa maofisa watatu wa uhamiaji, na aliyekuja kuhoji alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, mpole wala si mkorofi, alimwita bibi na akampa shikamoo. Nakuambia hili kwa sababu ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Kijiji kizima kilikuwa uani. Bibi Paskazia alitoka, akachuchumaa, akampigia makofi. Kijana akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilichungulia nikaona ameandika kwamba anasalimia kwa desturi ya ng'ambo. Mama, kata nzima inasalimia hivyo! Hata mimi nasalimia hivyo! Nilimwambia, akanijibu kwa adabu, "Kiongozi, hao wengine hawapo kwenye orodha yako."

Akamuuliza, "Bibi, wewe ni wa nani?"

Mzee Kizito akakohoa. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ni wa hapa! Ni mama yetu!" Watu wakadakia, wa hapa, wa hapa. Walikuwa tayari kuapa wote, na nadhani kama angesema neno hilo moja yule kijana angekunja karatasi zake akaondoka, maana alikuwa anaangalia saa na hakuwa na raha. Mimi nilikuwa namtazama bibi machoni, namwomba moyoni aseme ni wa hapa.

Akasema, "Mimi ni binti Silwamba." Akakitaja kijiji cha ng'ambo, akamtaja babu yake na mto wanaochota maji.

"Bibi," Mzee Kizito akasema, "wewe ni wa hapa. Sema."

Akamgeukia kama mtu aliyetukanwa. "Kizito, baba yangu alinizaa. Nimkane uzeeni, mbele za watu, kwa ajili ya nini? Mume wangu alinioa binti wa mtu, hakuniokota."

Kijana akafungua fomu yangu akayasoma maoni yangu kwa sauti, yote, mema yote yale. Akamaliza kwa kusema, "Mtendaji mwenyewe amethibitisha." Watu wakanigeukia. Walimpa muda achukue blanketi, na akanipita mimi mlangoni, akanishika kidevu akasema, "Mjukuu, karatasi hiyo ndiyo ile uliyoniambia?" Aliinuliwa akapandishwa nyuma ya gari, na yule kijana alimwekea mkono mgongoni asianguke.

Nilihangaika, mama, sitaki uone nilikaa tu. Nilikwenda Sumbawanga mjini mara nne. Niliambiwa jambo limeshapita ngazi, niandike barua. Niliandika barua. Niliambiwa cheti cha ndoa cha kanisa chenyewe kinaonyesha alikozaliwa, kwa hiyo kinathibitisha nilichoandika. Kila kitu kilithibitisha nilichoandika.

Wiki ya tatu nilipanda bodaboda na Mzee Kizito, tukavuka siku ya soko, siku ambayo watu wanavuka na magunia ya maharage bila kuulizwa sana. Tulimkuta kwenye kijiji alichokitaja. Mto ulikuwepo. Ukoo wa Silwamba haukuwepo. Wamekufa, wengine walikwenda migodini zamani. Mwenyekiti wa kule alitueleza kwamba bibi aliposhushwa walimuuliza wewe ni wa nani, akataja, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuitikia. Wakamwambia kwa adabu kwamba wao hawamjui, huenda ni wa upande wetu. Familia moja ilimhurumia ikampa kijumba walichokuwa wakihifadhia mahindi. Alikuwa ameketi mlangoni na blanketi lile lile. Aliuliza kuku wake wanakula nini. Kisha akauliza kama ile nafasi nyuma ya nyumba bado iko wazi, au watu wamepanda kitu.

Mzee Kizito alimjibu, "Iko wazi, mama."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulinipeleka kwa wakubwa kama anavyopelekwa mgeni. Kwenu wanafanya hivyo?" Nikasema ndiyo, kwetu wanafanya hivyo. Akatikisa kichwa kwa kunihurumia, na hiyo huruma yake ndiyo ninayolala nayo kila siku.

Alikufa mwezi wa saba, katika ile baridi mbaya. Simu ilikuja kwa Mzee Kizito asubuhi. Nataka uone kilichofuata, mama, maana sijakielewa hadi sasa. Wanaume walikusanyika bila kuitwa. Mfanyabiashara wa mahindi akatoa fuso lake. Tulivuka watu zaidi ya ishirini, na hakuna aliyetuuliza karatasi. Tulimchukua, tukarudi naye mchana kweupe. Pale kwenye kizuizi nilimwona yule kijana, yule yule. Mzee Kizito alikuwa ameshika barua ya mwenyekiti wa kule, ameinyoosha mbele kwa mikono miwili. Kijana hakuiangalia. Alivua kofia, wenzake wakavua, akaenda mwenyewe akaunyanyua ule mti wa kizuizi na kuushikilia juu mpaka fuso likapita. Msiba huku haukaguliwi. Hakuna sheria iliyosema hivyo, ni desturi tu, na desturi ile ile iliyomwondoa akiwa hai ndiyo iliyomfungulia njia akiwa amekufa.

Tulimzika pembeni ya mumewe. Nilishika chepe, hakuna aliyeninyang'anya. Baadaye Mzee Kizito aliniita pembeni akaniambia, "Mtendaji, ulitaka kusaidia. Ndiyo maana hatukusemi." Na kweli hawanisemi. Ila tangu siku ile hakuna mzee anayenichuchumalia. Nikipita wanasimama wima wananiambia, "Habari za kazi, mtendaji." Nami najibu nzuri.

Sasa nimefika kwenye kilichonifanya niandike. Nimesikia zoezi hili litakwenda na mikoa mingine ya mpakani, na Newala iko karibu na Ruvuma, mama. Karatasi zako zote zinasema binti Chilumba, hilo halina shida. Shida ni wewe. Kila Idi unapopika unasimama katikati ya uani unamtaja baba yako kwenye dua, Nandonde wa ng'ambo, kwa sauti ya kufika sokoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona fahari. Majirani zako wanajua, mashoga zako wanajua, balozi wa sasa anajua. Wala siwaogopi wabaya wako. Namwogopa mtu anayekupenda, aliyesoma kidogo, mwenye mwandiko mzuri, atakayedhani anakusaidia.

Kwa hiyo nakuomba. Mimi mwanao, uliyenifundisha kutaja jina la babu kabla sijajua kuhesabu. Akija kijana mwenye karatasi, akakupa shikamoo, akakuuliza wewe ni wa nani, sema wa Chilumba. Usimtaje babu. Idi hii mwombee kimoyomoyo, Mungu anasikia bila kelele. Zuhura, na wewe ukiulizwa, bibi yetu ni wa Newala na babu yetu ni Chilumba, basi, usiongeze neno.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, nikamwona Bibi Paskazia alivyomgeukia Kizito. Nakujua, mama. Nakujua utanyanyua shingo. Kama utaona huwezi, sitakulaumu, ila nipigie mapema useme tu kwamba goti limezidi, nami nitaelewa. Nitaacha ofisi nije, ili gari likija linikute nimekaa karibu na wewe. Sitaki uulizwe peke yako.

Nisalimie mjomba Saidi mwenye mashine ya kukoboa, mwambie ile redio aliyoniazima ningali ninayo na inashika vizuri. Nisalimie shangazi Mwanaidi aliyenifundisha Kurani, dua zake nazihitaji kuliko zamani. Nisalimie mke wa marehemu mzee Chilumba, mpe mkono wangu wa heshima, na umwambie kwamba mumewe alikuwa mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa nadhani. Zuhura nambusu kichwani, na kanga yake iko ndani ya bahasha ya mwalimu.

Barua hii ichomeni, hasa hapa chini ninapotia saini. Nimejaribu mara tatu kuandika vingine nikachana karatasi.

Mimi mwanao Issa, mjukuu wa Nandonde wa ng'ambo.